Kerezo la Watu Wawili

Mume wangu Kombo aliniacha kwa sababu ya mguu wa kitanda. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akadhani palikuwa na mwanamke mwingine, au wizi, au uchawi. Palikuwa na tendegu moja la mninga lililopasuka, na ndimi mbili zisizojua kupumzika.

Kombo alikuwa fundi wa vitanda hapa Bagamoyo, na alifanya kazi yake nyumbani, katika ua wetu, baina ya jiko na kisima. Kerezo letu lilikuwa la kamba. Kwa asiyelijua, ni hivi: mti unashikwa baina ya misumari miwili, kamba ya ngozi inazungushwa juu yake, na mtu mmoja anavuta ncha zake, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mti ukazunguka. Mtu wa pili anakaa ng'ambo na patasi yake, anauchonga ule mti shingo, mapete na vikombe. Mwenye patasi anaitwa fundi. Mwenye kamba haitwi chochote.

Mimi ndiye niliyevuta kamba, tangu msaidizi wake alipokufa kwa ndui. Mikono yangu ikawa minene kuliko ya wapagazi wanaoshuka na pembe kutoka bara, na wanawake wa mtaani wakanicheka kila nilipopita kwao. Nikawaacha wacheke. Hatukujaliwa mtoto aliyevuka mwaka, na kazi ile ndiyo iliyotuweka tukitazamana kutwa. Niliipenda, na nilimpenda yule mtu aliyekaa mbele yangu na vumbi la mninga ndevuni, ingawa ulimi wake ulikuwa mkali na wangu haujapata kuwa laini.

Mwaka huo, baada ya Idi ndogo, Bi Shaikha, mke wa tajiri mmoja wa pembe, alikuja kuagiza samadari ya harusi ya binti yake Thuraya. Alitaka matendegu manne na nguzo nne za chandarua, yote yakerezwe na kupakwa lakiri nyekundu na nyeusi, na yawe tayari kabla ya Maulidi. Kombo akanunua gogo la mninga lililotoka Kiwangwa. Nililipapasa nikaona bado bichi. Nikamwambia. Akanijibu kwamba wanawake wanakausha kuni, mbao waachiwe mafundi.

Tendegu la kwanza lilipokaribia kwisha, tulisikia mlio mkavu, na ufa ukatambaa kutoka shingoni mpaka tumboni. Kombo akaiweka patasi chini.

"Umevuta kama unateka maji," akasema.

"Mti mbichi haujali nani anauvuta."

"Mti hauna neno. Mkono wako ndio uliokwenda upande."

Hapo ndipo mke mwenye busara angeinuka akaenda kutia chumvi mchuzini. Mimi nikamwambia kwamba marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi, asingeutumia mti ule hata kwa mlango wa choo. Kombo akanyanyuka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mwanabaraka," akasema, "nimekuacha talaka moja."

Bi Kibibi, dada yake mkubwa, mjane tuliyekuwa tukikaa naye, alikuwa barazani mwa jiko anachagua mchele. Akauweka ungo chini. Na Bi Kibibi kuacha mchele haujachaguliwa ni jambo la kuogopesha.

Talaka moja si mwisho wa dunia. Mke hukaa eda yake mle mle nyumbani, chumba mbali, anakula na kuvaa kwa mumewe, mpaka tohara tatu, yaani kutwaharika mara tatu baada ya damu ya mwezi, zipite. Katika muda wote huo mume ana haki ya kusema "nimekurejea", na mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Haulizwi mke, haulizwi ndugu yake, wala hapana mahari mapya. Ni neno tu. Lakini lazima aliseme, kwani kwa madhehebu yetu mtu harejei mke kwa kumtupia jicho wala kwa kumletea samaki changu mnono. Eda ikimalizika hajasema, basi wamekuwa watu wawili mbalimbali.

Nilitaka aliseme. Nalisema hili waziwazi, maana wanawake wa pwani tuna tabia ya kujifanya hatujali na huku mito imelowa. Kila alipokohoa uani nilisimama nyuma ya mlango nikidhani anakuja.

Hakuja. Alimwajiri Fransisko, kijana wa kijiji cha misheni, mwenye mke na kifua kipana, aje kuvuta kamba. Wakalifunga tendegu la pili, lililotoka katika gogo lilelile. Mimi nilikuwa chumbani napasua ukindu. Mchana nikasikia mlio uleule mkavu. Nikangoja Kombo amlaumu Fransisko. Hakumlaumu. Bi Kibibi aliniambia baadaye kwamba alilitazama lile tendegu kwa muda mrefu, akaenda kulitia jikoni na mwenzake, akakaa akiyaangalia yanavyoungua.

"Sasa amejua si mkono wako," akasema Bi Kibibi.

"Basi aje aseme."

"Wifi yangu, unamjua ndugu yangu. Mdomo wake hufunguka upesi kwa shari, kwa heri hutafuta ufunguo."

Kombo akapata mninga mkavu, uliokuwa umelala miaka katika ghala ya Mhindi mmoja. Mti sasa ulikuwa mzuri, lakini uvutaji ukawa taabu. Fransisko alikuwa na nguvu za maksai, na alivuta kama anayegombania ile kamba na mtu. Kamba inataka kulegezwa patasi inapoingia na kukazwa inapotoka, na kupaka lakiri ndiyo hasa kazi: mti uende mbio sawasawa mpaka lakiri iyeyuke kwa joto la msuguano na kuenea. Matendegu yakatoka moja lina tumbo la mjamzito na jingine la mfungaji Ramadhani. Bi Shaikha alipita kutazama, akaondoka akiwa amefunika pua kwa mtandio.

Ndipo Bi Kibibi alipochukua mkeka mkubwa wa sebuleni, akautundika uani katikati ya kerezo, akautoboa matundu mawili ya kupitisha ncha za kamba.

"Faragha hairuhusiwi baina yenu," akatutangazia sote wawili, mimi mlangoni na Kombo kisimani. "Lakini mimi nipo, na mkeka upo. Kazi haina talaka. Mwanabaraka, kaa huku. Wewe Kombo, kaa kule, na mdomo wako uzungumze habari za mti tu."

Tukafanya hivyo. Yeye upande ule, mimi upande huu, Bi Kibibi pembeni na tasbihi yake akituchunga. Sikumwona, ila kamba iliniambia yote. Nilijua anapoinamia mti, anapopumzisha kiwiko, anapokuwa na mashaka. Aliponena alinena maneno mafupi. "Legeza." "Haya." "Mbio sasa." Tendegu la kwanza lilipotoka, Bi Kibibi alilipitisha upande wangu nilitazame. Lilikuwa zuri, lakiri yake imelala bila doa. Nikalipangusa kwa jani la msasa pasipohitaji kupanguswa, ili nikae nalo kidogo.

Nikaanza kutumaini. Nilioga mapema, nikajifukiza udi, ingawa palikuwa na mkeka kati yetu na harufu pekee iliyonifikia kutoka kwake ilikuwa ya jasho na mti. Niliamini kwamba siku yoyote neno litapita katika matundu yale pamoja na kamba. Tohara ya kwanza ikapita, na matendegu manne yakakamilika. Wala hakusema.

Siku moja, tukiwa katika nguzo ya kwanza ya chandarua, uvumilivu ulinitoka.

"Fundi," nikasema.

"Naam."

"Siku utakaponirejea, utakuwa unamrejea Mwanabaraka, au unairejea kamba?"

Bi Kibibi akaacha kuhesabu tasbihi. Kamba ikalegea mikononi mwangu, nikajua ameondoa patasi. Nilisubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno matamu, hata ya uongo ningeyapokea.

"Sijui," akasema.

Talaka iliniuma, lakini ile "sijui" iliniuma zaidi, kwa sababu talaka aliitoa kwa hasira na hii aliitoa ametulia. Nikaziachia ncha za kamba, nikaingia ndani, nikalia mpaka kichwa kikauma.

Kesho yake hakuniita. Nilichungulia nikaona mkeka umeshushwa na kukunjwa, naye na Fransisko wamechuchumaa wanachora mchangani. Fransisko alikuwa akimweleza habari za kerezo alilopata kuliona kwa mapadri, linaloendeshwa kwa mguu. Mtu anakanyaga ubao, ubao unazungusha gurudumu kubwa, gurudumu linavuta ukanda, na ukanda unazungusha mti. Halitaki mtu wa kuvuta.

"Anafanya nini?" nikamwuliza Bi Kibibi, ingawa nilikuwa nimeona.

"Anatengeneza gurudumu."

"La kunitoa mimi."

Bi Kibibi akanisogezea ungo wake wa mchele, nimsaidie kuchagua.

Basi hapo ndipo nilipofanya ibada ambayo sijui kama Mungu ameniandikia thawabu au adhabu. Niliomba gurudumu lile lishindwe. Niliomba baada ya kila sala, nimenyoosha mikono yangu minene. Na mwanzoni niliona dua inapokelewa. Gurudumu la kwanza alilichonga kwa mbao tatu zilizounganishwa, lakini tundu la katikati halikuwa katikati. Alipolikanyaga, kerezo zima likaanza kurukaruka uani kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, na Fransisko akalikalia lisitoke nje. Gurudumu la pili lilikuwa la mviringo kweli, ila jepesi mno: likizunguka mara mbili na patasi ikigusa mti, linasimama. La tatu akalifanya zito, ubao wa kukanyagia ukavunjika, na kipande chake kikampiga ugoko mpaka damu. Nguzo iliyokuwa kwenye misumari ikafyatuka, ikapita juu ya ukuta, na jirani yetu Ashatu akairudisha akitaka kujua kama tumeanza vita.

Nilicheka nyuma ya mlango nimejiziba mdomo kwa kanga. Kisha nikamsikia Kombo akivuta pumzi kwa maumivu, na hakuna aliyemwendea na maji ya moto. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika komeo. Nikauondoa. Si mume wangu wa kumkanda, na hata hivyo alijiumiza akitafuta njia ya kuishi bila mimi.

Tohara ya pili ikapita. Kombo hakuacha. Hakuwa mtu wa kuacha kazi, na kwa hilo nilimpenda siku zote, nikamchukia wakati ule. Alilichukua gurudumu lile jepesi, akalifunga ukingoni mkanda wa chuma wa pipa ili lipate uzito, akabadilisha ubao wa kukanyagia, akaipaka ekseli yake mafuta ya nyonyo. Alasiri moja nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika ua wetu. Sauti yetu ilikuwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama watu wawili wanaozungumza. Hii ilikwenda mbele tu, bila kurudi, nyororo, haichoki. Nilichungulia. Fransisko alikuwa amekaa kando anakula muhogo, hana la kufanya. Kombo alikuwa amesimama peke yake, mguu ukikanyaga, na maganda ya mninga yakitoka marefu na mazuri.

Nguzo zote zikamalizika. Wapagazi wa Bi Shaikha wakaja kuichukua samadari, na mtaa mzima ukatoka kuiangalia inavyopita. Nikawasikia wakisema haijapata kutoka samadari kama ile upande huu wa Unguja. Wala sikushangaa. Matendegu yake nilikuwa nimeyavuta mimi.

Tohara ya tatu ikakaribia. Bi Kibibi alikuwa akihesabu kuliko mimi mwenyewe. Siku ya mwisho alikwenda kumkabili Kombo uani, nami nikasikia kila neno.

"Leo, Kombo. Mwanabaraka akishajitwaharisha, huna tena haki kwake."

"Najua, dada."

"Unajua, na umesimama hapo unapaka mafuta gurudumu?"

"Najua," akasema tena, akachukua kofia yake akaenda msikitini.

Nilioga. Nilijimwagia maji polepole, kata moja baada ya nyingine, nikisikiliza mlango wa nje. Mlango haukulia. Nilipomaliza kujifuta nilikuwa mwanamke asiye na mume.

Ndugu yangu Hija alikuja kunichukua kutoka Mkange, anakolima. Tukavuka Kingani kwa mtumbwi, tukalala njiani, tukavuka Wami, na njia nzima nimejifunika uso kwa kanga. Hija ni mtu mpole, akaniachia. Huko Mkange nikapalilia muhogo wake, na kila jembe liliposhuka nilimtukana Kombo, yeye na gurudumu lake na aliyemwonyesha. Mke wa Hija alisema hajapata kuona shamba lililopaliliwa safi namna ile. Usiku mikono ilitafuta kazi yake iliyoizoea, na nilimkosa yeye, nikajionea aibu kumkosa mtu aliyepata kitu cha mbao cha kukaa mahali pangu.

Mwezi mmoja baada ya Maulidi, nikiwa ndani nakuna nazi, nikasikia hodi ya Bi Kibibi. Nikachungulia dirishani. Alikuwa na mwalimu mmoja wa madrasa wa Bagamoyo, na nyuma yao Kombo, vumbi mpaka magotini, anachechemea kwa ule ugoko. Hija akawakaribisha barazani, akawapa maji, akaulizana nao hali za nyumbani kama desturi inavyotaka. Kisha uso wake ukakaza.

"Haya, Bwana Kombo. Umetembea mbali. Una shida gani?"

"Nimekuja kuposa."

"Kumposa nani?"

"Mwanabaraka."

Hija akacheka, na si kicheko cha furaha. "Ulikuwa naye nyumbani kwako muda wote wa eda. Ungempata bila posa wala mahari, kwa neno moja. Hilo neno lilikushinda nini?"

Kombo akajipangusa vumbi la magotini, nikadhani atasema "sijui" yake, na nikaapa kwamba akiisema nitatoka na kibao cha mbuzi nimpige nacho.

"Aliniuliza swali," akasema Kombo. "Aliuliza namtaka yeye au nataka mkono wake. Nikitazama moyoni mwangu nikawa siwezi kutenganisha. Nikimfikiria yeye naiona kamba, nikiifikiria kamba naiona kazi ya Bi Shaikha. Sikutaka kumdanganya. Basi nikatengeneza kitu cha kuvuta, nikiondoe kile kinachoweza kuondoka, nione kitakachobaki."

"Kikabaki nini?"

"Gurudumu linavuta vizuri. Kazi inakwenda, wateja wanakuja. Na nyumba haikaliki, Bwana Hija. Nakula nasimama. Namaliza tendegu nalinyanyua nimwonyeshe, hakuna mtu. Nilimwacha kwa kosa langu, ule mti ulikuwa mbichi, naye aliniambia."

"Na hili ulilijua lini? Kabla ya eda kwisha au baada?"

"Kabla."

"Basi?"

"Basi ningesema neno, angekuwa mke wangu, akitaka asitake. Nilimwacha bila kumwuliza. Sikuweza kumrudisha pia bila kumwuliza."

Nikaketi juu ya mbuzi, nazi bado mkononi. Hasira yangu haikuondoka, isidhaniwe hivyo. Nilitaka kutoka nimwulize ni heshima gani hii ya kumliza mtu miezi mitatu na zaidi, na kama Mungu amemnyima hata akili ya kunong'ona dirishani, "Mwanabaraka, subiri." Mtu mwingine angesema hayo. Kombo alinyamaza akafanya kazi, akaniacha niumie, akidhani kumaliza kazi vizuri kunatosha. Huyo ndiye Kombo, sikumjua leo.

Mwalimu akaja mpaka mlangoni, pazia likiwa kati yetu, Hija pembeni yake.

"Binti yangu, umesikia. Bwana Kombo anakuposa kwa ndoa mpya na mahari utakayoyataja. Unaridhia?"

Nikanyamaza. Mwalimu akangoja, kisha akasema kwa upole:

"Msichana bikira, kimya chake ni idhini. Wewe si bikira, mama. Wewe sheria inakutaka useme, nisikie."

Sikulijua hilo. Nilipoolewa na Kombo mara ya kwanza nilikuwa chumba cha ndani, hina haijakauka miguuni, na baba yangu alikuwa barazani pamoja na wanaume. Nilisikia vigelegele, nikajua kwamba nimekwisha kuolewa. Hakuna aliyenijia kuniuliza kitu. Wala siku ya talaka sikuulizwa. Sasa nilikuwa mwanamke mzima mwenye mvi, na watu wanne wamekaa kimya kwa sababu yangu, na mmoja wao ametembea kwa ugoko mbovu kutoka Bagamoyo, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua nitasema nini. Nilikuwa naweza kusema hapana. Nikalitafuta hilo neno mdomoni, nikaliona lipo, zima, langu. Nikakaa nalo. Nje Bi Kibibi akakohoa.

"Mama?" akasema mwalimu.

Nikasimama, nikaweka nazi chini, nikanena kwa sauti ya kufika barazani.

"Nimekubali," nikasema. "Mwambieni nimeulizwa, na nimekubali mwenyewe."